Nafasi Kati ya Mistari

Msomaji akifungua kitabu huona maneno. Ni nadra aone mahali pasipo na maneno. Hivyo ndivyo inavyopasa kuwa, kwani mpiga chapa hodari ni yule ambaye kazi yake haimkatizi msomaji. Hata hivyo, mtu aliyetumia maisha yake kuwagawia watu karatasi za kusoma hawezi kuepuka kuyatazama mambo haya kwa jicho jingine. Katika sura hii nataka kuzungumza juu ya mambo mawili madogo ya uchapaji. La kwanza ni nafasi inayoachwa kati ya mstari na mstari. La pili ni desturi ya kuitumia picha moja mara nyingi, katika kurasa nyingi na vitabu vingi. Yote mawili hutawaliwa na kubana matumizi, maana karatasi ni ghali, na picha ni ghali zaidi. Lakini miaka yangu ya ualimu katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika imenionyesha kwamba jambo la kwanza huamua nani ataweza kusoma, na la pili huamua aliyesoma atakumbuka nini.

Tuanze na nafasi.

Kabla mtambo wowote wa kuchapa haujasikika katika nchi hizi, kalamu ya mwanzi ilikuwa imekwisha kufika Ujiji. Wafanyabiashara wa pwani, waliokuwa wakija kwa njia ya Tabora kutafuta pembe za ndovu na watumwa katika karne ya 19, walikuja na misahafu yao, wakaandikiana barua na hati za madeni kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zina irabu zinazokaa juu na chini ya mstari. Ukiibana mistari, irabu ya chini ya mstari huu hugongana na irabu ya juu ya mstari unaofuata, na msomaji mchanga hajui ipi ni ya nani. Kwa hiyo mwandishi aliyekusudia mswada wake usomwe na wanafunzi aliacha nafasi pana. Urembo ulikuwapo, lakini haja ya kwanza ilikuwa mtu asome sawasawa.

Mitambo ya kuchapa ilikuja pwani pamoja na wamisionari. Askofu Tozer na Edward Steere wa misheni ya UMCA walifika Unguja mwaka 1864, na haukupita muda mrefu vijana waliokombolewa utumwani wakawa wanafundishwa kupanga herufi na kupiga chapa vitabu vidogo vya Kiswahili. Mwaka 1888 gazeti la Msimulizi likaanza kuchapwa huko Kiungani. Huku bara, Mapadri Weupe, ambao walifika Ujiji mwezi Januari 1879, walikuja kuwa na kiwanda chao cha uchapaji Kipalapala, karibu na Tabora. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914, basi vitabu vya Tabora vilitufikia kwa garimoshi, vikinuka wino na vumbi la njiani.

Katika viwanda vya namna hiyo kila herufi ilikuwa kipande cha risasi iliyochanganywa na bati na madini mengine. Mpangaji alizisimamisha herufi moja moja katika kijitrei cha chuma alichokishika mkononi, naye alizisoma kinyumenyume. Mstari ulipojaa alikuwa na hiari mbili. Aliweza kuanza mstari mwingine papo hapo, mistari ikabanana. Au aliweza kuweka kwanza ukanda mwembamba wa risasi kati ya mstari uliokwisha na unaokuja. Ukanda huo ulikuwa mfupi kwa kimo kuliko herufi, kwa hiyo haukugusa wino wala karatasi. Kilichoonekana ukurasani kilikuwa weupe tu. Napenda sana kulifikiria jambo hili. Ule weupe tunaodhani ni utupu ulikuwa kitu chenye uzito, kilichopimwa na kukatwa, kikawekwa na mkono wa mtu aliyeamua kukiweka. Mwenye kiwanda aliyetaka kuokoa karatasi aliamuru kanda ziondolewe. Aliyemjali msomaji aliamuru zirudishwe.

Wapiga chapa hupima mambo haya kwa pointi, na inchi moja ina pointi 72 hivi. Kipimo cha kawaida ni herufi za pointi 10 katika mistari inayopishana kwa pointi 12, yaani nyongeza ya sehemu moja ya tano. Sababu yake iko katika jicho. Jicho linapofika mwisho wa mstari hulazimika kurudi mwanzo na kuupata mstari wa chini yake, wala si mwingine. Msomaji mzoefu hufanya safari hiyo mara elfu kwa saa pasipo kufahamu. Mstari ukiwa mrefu, safari ya kurudi ni ndefu, na nafasi inatakiwa iwe pana zaidi. Msomaji akiwa mchanga, au mzee, au anasoma kwa taa hafifu, nafasi inatakiwa iwe pana zaidi na zaidi.

Mimi nililijua hilo kwa vitendo kabla sijalisoma popote. Mwaka 1967 asilimia 67 ya watu wazima wa Tanzania hawakujua kusoma wala kuandika. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kuanzia hapo nchi nzima ikawa darasa. Katika mtihani wa taifa wa mwezi Agosti 1975 wasiojua kusoma walikuwa wamebaki asilimia 39, na mwaka 1977 wakawa asilimia 27. Sijui kama vijana wa leo wanauona ukubwa wa kazi hiyo. Kulikuwa na vitabu vya kisomo chenye manufaa, kila kimoja kikifundisha kusoma pamoja na kazi fulani: pamba, ndizi, ufugaji, uvuvi, mambo ya nyumbani. Lakini vitabu havikumtosha kila mtu, na pengo lilizibwa na sisi walimu kwa mashine za taipu na za kudurufu.

Nilikuwa kijana niliyetoka chuo cha ualimu si muda mrefu, nikifundisha mchana shule ya msingi na jioni darasa la watu wazima katika kijiji kimoja cha wavuvi. Darasa langu lilifuata mwezi. Wakati wa giza wavuvi wa dagaa huingia ziwani na karabai zao, maana taa ndiyo inayowaita dagaa juu, na darasani nilibaki na akina mama na wazee wachache. Mbalamwezi ilipotoka, taa haina kazi ziwani, nao wakaja wote, wakakaa juu ya madawati ya watoto magoti yakigusa videvu, na zile karabai za uvuvi zikatuangazia ubao.

Karatasi za masomo zilizotufikia kutoka mbali zilikuwa zimebanwa. Aliyezipiga taipu alikuwa ameokoa karatasi kwa uaminifu wote. Mzee mmoja, mvuvi mwenye vidole vinene vilivyokatwakatwa na nyuzi, alikuja na njiti ya ukindu ambayo aliilaza chini ya mstari ili asiupoteze. Hata hivyo njiti yenyewe ilifunika mstari wa pili na nusu ya wa tatu. Usiku mmoja aliiweka njiti chini, akanitazama.

"Mwalimu," akasema, "haya maneno yameanikwa kama dagaa mchangani. Sasa mimi nimshike yupi?"

"Mzee wangu, shika aliye mbele yako," nilimjibu, na darasa likacheka. Lakini alikuwa amesema kweli. Herufi alikuwa amekwisha kuzijua zote. Ubaoni, ambako niliandika kwa mkono na kuacha nafasi ya kiganja kizima, alisoma bila kukwama. Karatasini alipotea. Kilichomshinda hakikuwa kusoma.

Tukakaa walimu watatu tukapiga hesabu. Mashine ya taipu ilikuwa na wenzo mdogo pembeni wenye alama tatu: moja, moja na nusu, na mbili. Katika alama ya kwanza hupiga mistari sita kwa inchi. Karatasi ya fulskepu ina urefu wa inchi 13, kwa hiyo bila kuhesabu pambizo hubeba mistari 78. Katika moja na nusu hubeba 52, na katika mbili hubeba 39. Hesabu ilikuwa rahisi, uamuzi ulikuwa mgumu. Karatasi tulizokuwa nazo zilikuwa na kikomo. Tukipanua mistari na kuyaacha maneno yote, nusu ya darasa wangekosa karatasi. Tukiibana, wote wangepata karatasi wasiyoweza kuisoma. Mwenzetu mmoja alisema afadhali wote wapate, ndiyo haki. Mwingine akauliza, wapate nini?

Hatimaye tuliamua kuyakata maneno. Somo la nyavu lililokuwa na mistari sitini tulilipunguza hadi thelathini na tano, tukausogeza wenzo kwenye alama ya mbili. Tuliondoa hotuba, tukabakiza kazi: jina la kila sehemu ya wavu, namna ya kuushona, bei, mzani, na namna ya kuandika hesabu ya siku. Baada ya miezi michache yule mzee aliacha njiti yake nyumbani. Na siku moja alikwenda kwa tajiri aliyekuwa akimkopesha nyuzi na mafuta ya taa, akaomba aonyeshwe daftari. Likafunguliwa, naye akaweka kidole kwenye jina lake, akakipeleka pole pole mpaka mwisho wa mstari, akaona deni alilokwisha kulilipa halijafutwa. Likafutwa mbele yake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi huongeza kwamba hata penye daftari mali huisha, ikiwa mwenye mali hawezi kuufuata mstari.

Nasema haya kwa sababu miaka iliyofuata ilitujaribu zaidi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliagiza kila mtoto wa umri wa shule awe darasani, na kufikia Novemba 1977 milango ilifunguliwa wazi. Ulikuwa uamuzi mtukufu. Lakini watoto waliongezeka kwa kasi kuliko vitabu, na mwishoni mwa miaka ya 1970 fedha za kigeni zikaadimika, nazo karatasi zikaadimika pamoja nazo. Mpaka kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilipoanza kazi katikati ya miaka ya 1980, tulikuwa tukiandika pande zote mbili, pambizoni, na nyuma ya fomu za zamani. Kila mahali wenzo wa taipu ulirudishwa kwenye alama ya kwanza. Siwalaumu waliofanya hivyo. Ninachosema ni kwamba nafasi ya msomaji dhaifu ndiyo hukatwa kwanza, kwa kuwa ikikatwa hakuna neno linalopungua, na mkaguzi haoni kilichopotea.

Sasa niingie katika habari ya picha.

Shuleni kwetu picha ilichorwa juu ya stensili, ile karatasi laini yenye nta, kwa kalamu ya chuma. Ukikandamiza kidogo, mstari hautoki. Ukikandamiza sana, stensili inapasuka na kazi ya siku nzima inakwenda. Ndiyo maana picha iliyofanikiwa ilithaminiwa kama sahani ya udongo wa China. Baada ya kudurufu, tuliifuta wino kwa magazeti ya zamani, tukaianika kama nguo, tukaihifadhi kwa mwaka mwingine. Na tulikuwa na ufundi wa kuihamisha. Kwa wembe tulikata kile kipande chenye picha, tukatoboa dirisha la ukubwa huohuo katika stensili mpya iliyopigwa taipu maneno mapya, tukakiunga kipande hapo kwa ile dawa nyekundu ya kufutia makosa. Dawa ikikauka, picha ya mwaka jana ilikuwa imepata makazi mapya.

Tulikuwa na mtumbwi mmoja wa aina hiyo, uliochorwa na mwalimu mwenye mkono mzuri: mtumbwi, karabai, wavu, na wavuvi wawili. Ulitumika katika sayansi, kufundisha namna mwanga unavyovuta wadudu na samaki. Ukatumika katika jiografia kufundisha Ziwa Tanganyika, katika hesabu kufundisha kugawana mapato, na katika siasa kufundisha ujamaa. Mtumbwi mmoja ukavua katika masomo manne. Tulijisifu, na tulistahili.

Lakini nikaona jambo. Pua ya mtumbwi ule ilikuwa imepindwa juu kupita kiasi, kwa kuwa mchoraji alikosa nafasi upande wa kulia. Baada ya miaka miwili au mitatu, watoto waliozaliwa ufukweni, waliokuwa wakipita kando ya mitumbwi halisi kila asubuhi, walipoambiwa wachore mtumbwi walichora ule wenye pua iliyopinda. Baba zao waliiendesha mitumbwi ya pua nyoofu. Macho yao yaliiona kila siku, lakini mikono yao ilichora ile ya karatasi, maana ndiyo waliyofundishwa kuwa ni mtumbwi. Hapo nikaelewa kwamba picha inayorudiwa haikai kimya, bali hupigania nafasi na kitu chenyewe, na mara nyingi hushinda.

Sisi watu wa Kigoma tunayo picha moja inayorudiwa kupita zote. Nina hakika msomaji ameiona. Wazungu wawili wamesimama wanaelekeana, kila mmoja ameinua kofia yake. Nyuma ya mmoja ipo bendera ya Marekani na msafara wa wapagazi. Nyuma ya mwingine wamo wazee wa kiarabu wenye kanzu na vilemba. Ni Henry Morton Stanley na David Livingstone, mjini Ujiji, mwaka 1871.

Picha hiyo ilitolewa Uingereza mwaka 1872, magazetini na katika kitabu cha Stanley mwenyewe kilichosimulia jinsi alivyompata Livingstone. Hakukuwa na mpiga picha Ujiji siku hiyo. Wachongaji wa Uingereza, ambao hawakupata kuuona mji huu, waliifanya kwa kufuata maelezo na michoro aliyoleta Stanley. Zama hizo mchoro ulichongwa juu ya kibao cha mti mgumu sana, upande wa mkato, ili mistari iwe myembamba kama unywele. Kibao kilipangwa pamoja na herufi za risasi na kupigwa chapa mara moja. Na kwa kuwa kibao huchakaa, mafundi walikichukua umbo lake kwa nta, wakaitandika nta hiyo shaba nyembamba kwa nguvu ya umeme, wakaijazia risasi nyuma yake. Basi kibao cha asili kikatunzwa kabatini, na nakala za chuma zikaweza kuuzwa kwa mpiga chapa yeyote aliyezitaka. Ndivyo picha zilivyosafiri kutoka kitabu hadi kitabu, kutoka nchi hadi nchi. Kununua nakala ya chuma kulikuwa rahisi mara nyingi kuliko kumtuma mtu akachore upya.

Bamba la namna hiyo, lililosubuwa likaganda, Wafaransa waliliita cliché na Waingereza wakaliita stereotype. Ajabu ni kwamba majina yote mawili ya karakana baadaye yakawa majina ya fikra: fikra iliyochakaa kwa kurudiwa, na fikra iliyoganda juu ya watu wa aina fulani. Wataalamu wetu wa Kiswahili wametupa neno zuri, dhana mgando. Sijui kama walikuwa wakiwaza risasi iliyomiminwa, lakini wamelenga shabaha.

Mara ya kwanza niliiona picha ya Ujiji nikiwa mwanafunzi, na nikaja kuikuta tena katika vitabu vingine vya historia nilivyofundishia. Maelezo yaliyokuwa chini yake yalikuwa yaleyale: majina mawili. Mwaka mmoja, nikifundisha darasa la saba, mtoto aliyezaliwa Ujiji aliitazama kwa muda mrefu akauliza, "Mwalimu, na hawa wengine ni akina nani?" Nikamwambia ni watu wa msafara, na wakazi wa mji. Akasema, "Hawana majina?"

Wanayo. Aliyetoka mbio kumpokea Stanley na kumwamkia kwa Kiingereza alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Chuma naye alikuwa pamoja naye. Miongoni mwa wazee wa kiarabu waliosimama mbele ya nyumba Stanley mwenyewe aliwataja Sayd bin Majid na Muhammad bin Sali. Kiongozi wa askari wa Stanley alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni, akauzwa utumwani, akaishi India, akarudi akiwa mtu huru. Bombay huyo alikuwa amekwisha kufika Ujiji mwaka 1858 pamoja na Burton na Speke. Maana yake ni kwamba siku ile Stanley alipoingia Ujiji kama mgunduzi, kiongozi wa askari wake mwenyewe alikuwa ameujua mji miaka 13 kabla yake. Picha haiwezi kulisema hilo. Na Livingstone alipofariki kwa Chitambo mwaka 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na Chuma na wenzao waliubeba mwili wake mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Kisha wawili hao wakaenda Uingereza, wakamsaidia Horace Waller kuziweka sawa shajara za mwisho za bwana wao. Wafasiri wa historia hiyo, basi, walikuwa watu wetu, nao katika picha ni vivuli.

Hata siku yenyewe haijatulia kama picha inavyotulia. Tarehe 10 Novemba 1871, iliyoandikwa juu ya jiwe la kumbukumbu pale Ujiji, ni hesabu ya Stanley. Shajara ya Livingstone inaelekeza mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua njiani na hesabu zao za siku zilikuwa zimevurugika. Mwembe wa wakati huo ulikwisha kufa, na miembe iliyopo husemwa kuwa ni wazao wake. Huko Burundi, kusini mwa Bujumbura, lipo jiwe jingine linalowakumbuka watu hao hao wawili, ambao walipita hapo kwa mashua baadaye mwezi huo huo wa Novemba. Na ukiingia katika jumba la makumbusho la Ujiji utakuta sanamu mbili zimesimama zikielekeana. Picha ya London imerudi nyumbani, imejengewa mwili, na watalii wanaipiga picha. Mtumbwi wenye pua iliyopinda umepata wa kufanana nao.

Msomaji asidhani nataka picha ile itupwe. Ni sehemu ya historia, na mtu hawezi kuelewa jinsi dunia ilivyotuona bila kuitazama. Ninachotaka ni kilekile nilichokitaka kwa yule mzee wa njiti: nafasi.

Kitabu hiki kimepangwa na mjukuu wangu kwa kompyuta, kwa programu iitwayo LaTeX. Nilimwomba anieleze asili yake, nami nikafurahi kusikia kwamba chanzo chake ni manung'uniko ya mwalimu. Donald Knuth, profesa wa chuo kikuu cha Stanford huko Marekani, aliona mwaka 1977 kurasa za majaribio za kitabu chake zilizopangwa kwa mashine za kisasa za wakati huo, akachukizwa na ubaya wake. Akaamua kutengeneza mwenyewe programu ya kupanga kurasa, aliyoiita TeX. Alidhani ni kazi ya muda mfupi, ikamchukua takribani miaka kumi. Katika miaka ya 1980 Leslie Lamport akaijengea juu yake LaTeX, na zote mbili hutolewa bure. Wenzo wa taipu bado upo ndani yake, ila sasa ni tarakimu moja. Ukiibadilisha mwanzoni mwa faili, kitabu chote hujipanga upya kufumba na kufumbua.

"Babu, mistari ikae vipi?" aliniuliza. Akanionyesha. Ilipobanwa, kitabu kilikuwa na kurasa 136. Ilipopanuliwa kama nilivyotaka, zikawa 161, na mchapaji hutoza kwa ukurasa. Nikamwambia aondoe sura mbili, mistari aiache ilivyo. Wasomaji wangu wengi ni wastaafu wenzangu, na macho yetu yanajulikana.

Kuhusu picha, programu hiyo inamruhusu mtu kuihifadhi mara moja kama iliyofungwa ndani ya kisanduku, halafu kuiita kwa jina popote anapoitaka. Kijana alikuwa ameiita picha ya Ujiji mara tatu: jaladani, katika sura ya mji wetu, na mwisho kama pambo. Haigharimu kitu, alisema, na umri wake umepita haki zote za mwenyewe. Kweli haimgharimu mpangaji. Nilimweleza habari za mtumbwi wa stensili, naye akaelewa upesi. Tumeiweka mara moja tu, na chini yake akaniachia mistari sita. Humo nimeandika majina: Susi, Chuma, Bombay, Sayd bin Majid, Muhammad bin Sali, na wale wawili walioinua kofia.

Walimu vijana watakaosoma haya hawatashika tena stensili wala risasi. Wataamua mambo haya kwa kidole kimoja juu ya kioo, na wepesi huo ndio unaonitia wasiwasi. Zamani kubana mistari kulimlazimu mtu kuondoa ukanda kwa mkono wake, na kurudia picha kulimlazimu kukaa na wembe na dawa hata mchana ukaisha. Alikuwa na muda wa kujiuliza anafanya nini. Leo hakuna kinachomchelewesha. Basi ajicheleweshe mwenyewe. Kabla hajaibana mistari, amfikirie mtu anayesoma kwa shida jioni. Na kabla hajaiita picha kwa mara ya pili, ahesabu waliomo ndani yake, kisha ahesabu majina yaliyo chini yake, aone kama hesabu mbili hizo zinalingana.